Eneo la Sehemu Yenye Kivuli katika Pembesita

Katika masomo ya jiometri mwanafunzi huonyeshwa umbo ambalo sehemu yake imetiwa kivuli, naye hutakiwa kutafuta eneo la sehemu hiyo. Wengi hukimbilia kanuni walizozikariri. Kanuni isipokumbukwa, kazi husimama papo hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba aghalabu jawabu limo ndani ya umbo lenyewe, na kwamba njia mbili hutosha: kuligawa umbo katika vipande vilivyo sawa, au kutoa eneo dogo katika eneo kubwa.

Chora duara lenye kitovu O na nusu kipenyo cha sentimita 10. Bila kubadili upana wa bikari, pima mzingo wake mara sita, upate nukta A, B, C, D, E na F. Ziunganishe kwa mistari iliyonyooka. Hiyo ni pembesita yenye pande sawa na pembe sawa.

Sasa unganisha A, C na E, kisha utie kivuli pembetatu ACE. Ikate pembesita yote katika karatasi, ukunje ncha B kwa kufuata mstari AC. Ncha hiyo itaangukia juu ya O, kwa kuwa AB, BC, CO na OA zote zina urefu mmoja. Kunja D na F vivyo hivyo. Vipande vitatu vilivyokunjwa vitaifunika ACE yote, bila kupandana wala kuacha nafasi. Basi sehemu yenye kivuli ni nusu kamili ya pembesita, nasi tumelijua hilo kabla ya kuhesabu lolote.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mistari itokayo O kwenda kwenye ncha huigawa pembesita katika pembetatu sita zenye pande sawa. Kwa kanuni ya Pythagoras, kimo cha kila moja ni kipeuo cha pili cha 75, yaani karibu sm 8.66, na eneo lake ni karibu sm² 43.3. Pembesita ina sm² 259.8, na kivuli sm² 129.9.

Njia ya pili ni kutoa. Tia kivuli nafasi iliyo baina ya pembesita na duara. Eneo la duara ni karibu sm² 314.2; ukitoa 259.8 hubaki 54.4. Fundi akataye pembesita hiyo katika bati la mviringo hupoteza karibu asilimia 17 ya bati lake.

Je, tarakimu 3.14 tunayozidishia ilipatikanaje? Ilitafutwa ndani ya kivuli hicho hicho. Mwaka 263 Liu Hui wa China aliongeza ncha katikati ya kila tao, akapata umbo la pande 12. Tuiite X ncha iliyo kati ya A na B. Katika pembenne OAXB, mistari OX na AB ina sm 10 kila mmoja, nayo hukatana kwa pembemraba. Eneo ni nusu ya zao lake, yaani sm² 50; mara sita ni 300. Kivuli kimeshuka kutoka 54.4 hadi 14.2. Liu Hui aliendelea hadi pande 192, ambapo kivuli hubaki karibu sm² 0.06 tu, akapata 3.14.

Zoezi: katika umbo la pande 12, tia kivuli sehemu iliyo nje ya pembesita ABCDEF. Tafuta eneo lake kwa kutoa, kisha kwa kugawa. Majawabu mawili yasipolingana, rudi kwenye mchoro kwanza.