Jinsi SMS Moja Inavyoweza Kuleta Dawa Zahanatini

Umewahi kupanga foleni zahanatini tangu asubuhi, mtoto anachemka mgongoni, halafu ukifika dirishani unaambiwa dawa zimeisha? Kinachouma zaidi ni kwamba mara nyingine dawa hiyo hiyo iko kwenye rafu za kituo jirani, kilomita chache tu kutoka hapo. Ni vile mwenye uwezo wa kuihamisha hajui kwamba kwenu imeisha.

Hapo ndipo simu inaingia. Wewe mteja wetu umezoea kutuma pesa na kupata ujumbe wa kuthibitisha papo hapo. Hebu leo tuone jinsi simu hiyo hiyo inavyotumika kupeleka takwimu za afya, na wewe unahusika vipi.

Karatasi na mwendo wake wa pole

Kwa miaka mingi, muuguzi alijaza daftari kila siku, mwisho wa mwezi akajumlisha, akajaza fomu, kisha fomu ikapelekwa makao ya wilaya. Ikifika huko na kusomwa, dawa zilizoisha tarehe 3 zina wiki kadhaa hazipo. Watoto waliougua malaria katikati ya mwezi hawangeweza kungoja fomu.

Majirani zetu walijaribu SMS

Kati ya mwaka 2009 na 2010, Tanzania ilifanya jaribio lililoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vya afya 129 vilihusika. Kila wiki mhudumu wa kituo alipokea SMS ikimuuliza dawa za malaria zilizobaki ni ngapi. Alihesabu, akajibu kwa SMS bila malipo, na aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Simu ya kawaida, ile tunayoita kabambe, ilitosha kabisa.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa na angalau aina moja ya dawa hizo. Kufikia wiki ya 21, vilikuwa asilimia 26. Wasimamizi wa wilaya sasa waliona nani anazo nyingi na nani hana, wakahamisha.

Kenya nayo ikajaribu

Baadaye mpango huo ulijaribiwa hapa kwetu, katika vituo 87 vya umma kwenye wilaya tano za mashambani, kwa wiki 26. Kwa wastani, asilimia 97 ya vituo vilijibu, na ujumbe uliokosewa kuandikwa ulikuwa asilimia 3 pekee. Uhaba wa dawa ulipungua.

Lakini tusidanganyane. Katika jaribio hilo, ishara za kuisha kwa dawa ya malaria zilizofanya wasimamizi kuhamisha dawa kutoka kituo kingine hazikufika nusu. Simu haibebi dawa. Inabeba habari, na habari inahitaji mtu wa kuifanyia kazi. Ni kama ujumbe wa kukuambia pesa zimeingia: usipoenda kwa wakala kutoa, pesa hazitajileta mfukoni.

Leo simu inabisha hodi kwako

Tangu 2011, hospitali na vituo vya Kenya vimekuwa vikiingiza ripoti zao kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Halafu Septemba 2023, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wale tunaowaita CHP, wakiwa na mkoba wa vifaa na simu janja. Ndani ya simu kuna programu ya eCHIS. Mhudumu anakutembelea nyumbani, anaandika nani ni mjamzito, mtoto yupi hajamaliza chanjo, nani ana presha. Kama hakuna mtandao, habari inahifadhiwa kwenye simu na kutumwa mtandao ukipatikana.

Sasa, habari hiyo inaanza na wewe. Ukimficha mtoto ambaye hajachanjwa kwa sababu ya aibu, kwenye hesabu za kaunti mtoto huyo hayupo. Na chanjo haiwezi kupangiwa mtoto ambaye hayupo.

Mambo matano ya kukumbuka mhudumu akija

1. Mjue kwanza. Mwombe kitambulisho cha kazi. Kwa kawaida ni mtu wa kijiji chenu au mtaa wenu, na majirani wanamfahamu. Ukiwa na shaka, uliza kwenye kituo chenu cha afya.

2. Sema ukweli. Idadi ya watoto, tarehe za kliniki, dawa unazotumia. Kama kadi ya kliniki iko, itoe asome mwenyewe.

3. PIN yako ni siri. Hakuna swali la afya linalohitaji PIN ya pesa zako. Mtu akikuomba PIN, au akitaka kushika simu yako "akusajili", huyo ni tapeli hata akivaa koti jeupe.

4. Usilipie ziara. Mhudumu hakudai pesa kukutembelea. Ukiambiwa utume "ada ya usajili" kwa nambari ya mtu binafsi, usitume.

5. Uliza habari zako zinaenda wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua zinatumiwaje na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukibadilisha nambari ya simu, mjulishe mhudumu, usije ukakosa ukumbusho wa kliniki.

Na kama wewe ndiye mhudumu

Tunajua wengi wenu ni wateja wetu pia. Ile tabia ya kusoma jina na kiasi kabla ya kubonyeza "tuma" ihamishieni kwenye ripoti. Sifuri moja ya ziada inaweza kuonyesha mmejaa dawa kumbe rafu ni tupu. Na hakikisheni ripoti imetoka kwenye simu, si kubaki humo wiki nzima ikingoja mtandao.

Kwa hivyo mhudumu akibisha hodi wiki hii, mkaribishe, mpe kiti, mjibu. Dakika chache za mazungumzo hayo zinaweza kuwa sababu ya mama mwingine kufika dirishani na kukuta dawa iko.