Safari ya Chuo Kikuu Huamuliwa Kidato cha Pili

Mzazi wa kata ya Kisondela, wilayani Rungwe, anayejiuliza kama ni afadhali mwanawe asome masomo magumu na kupata alama za wastani au asome mepesi na kupata alama za juu, anauliza swali ambalo udahili wa Tanzania hulijibu kwa namna yake. Nchini Marekani, vyuo vyenye ushindani mkali huitaka shule ieleze mwombaji alichagua masomo mazito kiasi gani, yakilinganishwa na yale yaliyopatikana shuleni kwake, na maelezo hayo huzingatiwa pamoja na alama. Tanzania haina kipengele hicho. A ya Fizikia na A ya Historia katika mtihani wa kidato cha sita zote huhesabiwa pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na sharti la jumla la Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusiana na programu, yenye pointi zisizopungua 4. (Pointi hizi si zile za madaraja ya Baraza la Mitihani, ambako A ni 1 na pointi chache ndizo bora.)

Uzito wa masomo, hata hivyo, huonekana katika tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita ambao wanafunzi huuita kombi, kwa kuwa kila programu hutaja masomo inayoyatambua na mara nyingi alama ya chini kwa kila somo. Kwa shahada ya udaktari wa binadamu, miongozo ya miaka ya karibuni imedai Fizikia, Kemia na Biolojia zenye jumla ya pointi 8, huku Kemia na Biolojia zisishuke chini ya C wala Fizikia chini ya D. Mwanafunzi mwenye A ya Biolojia, C ya Fizikia na D ya Kemia ana pointi 10 na bado hana sifa, ilhali mwenzake mwenye C ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia ana pointi 8 tu na anaruhusiwa kuomba, ingawa kuruhusiwa kuomba si kuchaguliwa, kwani nafasi ni chache na wenye pointi nyingi hutangulia.

Uamuzi wenyewe hufanyika mapema zaidi ya wengi wanavyodhani. Fizikia na Kemia huweza kuachwa baada ya kidato cha pili, na mtoto wa miaka 15 au 16 anayeziacha amekwisha kujiondoa katika udaktari na uhandisi kabla hajajua udahili ni nini. Katika shule nyingi za kata, ambazo ziliongezeka kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, walimu wa sayansi na vifaa vya maabara havijawahi kutosha, hivyo kuacha Fizikia mara nyingi si uvivu wala uchaguzi huru. Hapa ndipo mfumo unapodhulumu: pointi hazisemi kama mwombaji alifundishwa Kemia kwa vitendo au aliisoma kwenye daftari la kunakili, na hakuna mahali mkuu wa shule anapoweza kulieleza hilo.

Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65, zikiwamo za michezo na sanaa. Wingi huo una manufaa, lakini unaongeza haja ya kuusoma mwongozo wa TCU kuanzia kwenye programu anayoitamani mtoto na kurudi nyuma hadi kwenye masomo yake, kazi ambayo mwalimu wa taaluma na wazazi wanapaswa kuifanya pamoja kabla fomu ya uchaguzi wa masomo ya kidato cha tatu haijajazwa.