Vampaya Akishuka Murera, Nani Anamlipa?

Mwaka jana niliandika stori ya mafans. Nikamtoa Edward wa Twilight huko Marekani, nikamshukisha stage ya Murera, msafi, anang'aa jua likimpiga. Nikamhadithia shosho mmoja wa ploti yetu. Akasikiza, kisha akauliza, "Na hiyo damu anapelekea nani? Analipwa na nani?"

Manze, stori yangu ilikufa hapo hapo.

Kwa wale hawajui, ukichukua wahusika wa dunia mbili tofauti ukawaweka kwa stori moja, hiyo ndio krosova. Na usidharau hizi vitu, Fifty Shades ilianza kama stori ya fan wa Twilight. Shida ni moja: tukileta vampaya Kenya tunabadilisha mandhari tu. Kasri inakuwa bedsita, msitu unakuwa Thika Road, lakini sheria ni zile za Dracula, kitabu cha 1897.

Na kumbe tuko na wetu. Enzi za mkoloni, watu wa Nairobi waliogopa wazimamoto. Ndio, hao hao wa kuzima moto. Ilisemekana usiku wanashika watu, wanawatoa damu, inaenda kwa wazungu kutengeneza dawa. Pwani waliitwa mumiani. Mwanahistoria Mmarekani, Luise White, alikusanya hizi stori Kenya, Uganda na Zambia, kitabu chake kikatoka 2000. Hakuwa anatafuta kama damu ilitolewa kweli. Alitaka kujua kwa nini watu waliisimulia hivyo.

Cheki tofauti sasa. Vampaya wa Ulaya ana meno na njaa. Wetu ana uniform, gari na bosi. Hang'ati mtu, hanywi hata tone, yeye ni kazi tu, mwisho wa mwezi anachukua mshahara. Dracula anangoja akaribishwe. Huyu hapigi hodi, anakupata ukitembea usiku. Na kwa stori nyingi, wale waliotumwa kushika watu walikuwa Waafrika wenyewe, majirani. Mimi hapo ndio naogopa, si meno.

Sasa rudisha Edward, lakini mfanye kastoma. Anaishi kwa mtaa wa mabwenyenye, mpole, anaapa hajawahi kugusa mtu, na hadanganyi. Chupa zinamfikia zikiwa baridi. Anayezileta ni jamaa wa ploti yenu, yule alikuwa wa mjengo hadi juzi. Siku hizi analipa rent mapema na hapendi kuulizwa anafanya kazi gani. Bella naye awe bibi ya huyo jamaa. Karo ya mtoto imelipwa yote, na kwa mfuko wa jaketi ya bwana amepata kiatu kimoja cha mtu hamjui. Aulize ama anyamaze?

Yangu nimeiandika upya hivyo. Shosho amesikia sura ya kwanza, sasa kila asubuhi kwa mfereji ananiuliza ya pili iko wapi.