Jina Moja, Watu Wawili: Makosa ya Kutafuta Nasaba

Kosa kubwa katika kutafuta nasaba ni kudhani kwamba watu wawili wenye jina moja ni mtu mmoja. Katika pwani ya Afrika Mashariki, jina la pili kwa kawaida ni la baba, na mjukuu mara nyingi hurithi jina la babu. Hivyo mtaa mmoja huweza kuwa na akina Juma bin Ali kadhaa. Baba mdogo naye huitwa baba, na mtoto wa ndugu yake huweza kuandikwa kama mwanawe wa kumzaa. Tarehe pia hupotosha: miaka 66 ya Hijria ni takriban 64 ya Kizungu. Jina pekee halithibitishi ukoo. Lazima lilinganishwe na jina la babu, la mama, mahali na mwaka.