Likizo Peke Yake Haiponyi Uchovu wa Kazi

Mwaka 1997, watafiti Mina Westman na Dov Eden walichapisha matokeo ambayo kila anayesubiri likizo kwa hamu angepaswa kuyajua. Waliwapima makarani 76 wa kampuni moja nchini Israeli kabla ya likizo, wakiwa likizoni, na baada ya kurejea ofisini. Walipokuwa mapumzikoni uchovu wa kazi ulipungua kweli. Siku tatu baada ya kurudi ulikuwa umeanza kupanda tena, na kufikia wiki ya tatu ulikuwa palepale ulipokuwa kabla ya likizo. Sidhani kama makarani wale hawakujua kupumzika. Walirudi kwenye kazi ileile waliyoiacha, nayo ikawachosha kama mwanzo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kujitunza humrudishia mtu nguvu, lakini nguvu hizo hazidumu asipofungua kinywa na kusema kinachomchosha. Na kusema nako hakufui dafu pasipo watu walio tayari kumsikiliza na kumpunguzia mzigo.

Uchovu huu haufanani na ule wa mtu aliyelima kutwa, akalala fofofo, akaamka mzima. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliueleza mwaka 1974 kutokana na aliyoyaona katika kliniki ya bure mjini New York, ambako wahudumu waliishiwa nguvu na ari, hasa wale waliojitoa zaidi. Baadaye Christina Maslach akazitaja dalili tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuwakaukia watu unaowahudumia, na kuona kazi yako haina faida yoyote. Hiyo ya pili ndiyo watu hawaielewi. Mtazame muuguzi katika wodi yenye wagonjwa wengi kuliko vitanda, akiwa kwenye zamu ya nne mfululizo ya usiku. Alipoajiriwa alimjua kila mama kwa jina, hata akamuuliza habari za watoto aliowaacha nyumbani. Siku hizi anasema "yule wa kitanda cha nane", anabadilisha dripu bila kumtazama usoni, na akiulizwa jambo mara mbili anafoka. Ndugu wa mgonjwa watatoka pale wakisema manesi wa hospitali ile hawana utu. Huenda aliyewahudumia ni mtu aliyeufunga moyo wake kwa sababu hana tena cha kutoa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeueleza uchovu huu kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa, wala halikuuita ugonjwa. Maelezo hayo yana uzito wake: kama chanzo kiko kazini, tiba haiwezi kuachiwa mtu mmoja aihangaikie nyumbani kwake.

Hata hivyo kujitunza si jambo la kubezwa. Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, katika kazi waliyoitoa mwaka 2007, walionyesha njia nne ambazo mtu hupona kwazo baada ya saa za kazi: kuiondoa kazi akilini, kutulia, kujifunza au kufanya jambo jingine linalompa changamoto, na kuwa na uamuzi juu ya muda wake mwenyewe. Ya kwanza imekuwa ngumu kuliko zote. Kundi la WhatsApp la kazini linalolia saa nne usiku humrudisha mtu ofisini akiwa kitandani, hata kama ujumbe wenyewe ungeweza kusubiri asubuhi. Kuzima mlio wa kundi hilo ukifika nyumbani ni kujitunza halisi, na hakuna gharama. Sheria nayo inasaidia, kwa anayeijua. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Lakini mwanamke anayetoka kazini akaingia jikoni, kisha akasimamia masomo ya watoto hadi usiku, hana saa ya kutulia hata akizijua njia zote nne. Kumwambia ajipende na ajipe muda, bila kumuuliza mumewe na wanawe wanafanya nini jioni hiyo, ni kumwongezea kazi nyingine juu ya zile alizonazo.

Hapo ndipo uwazi unapohitajika, na ndipo wengi wanapokwama. Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege na wengine, alionyesha kwamba kutabasamu kwa amri wakati moyo unasema vingine ni kazi kamili, nayo inachosha. Anayeficha uchovu wake ana kazi mbili: ile aliyoajiriwa na ile ya kujifanya mzima. Atakuja mtu aseme kwamba kwetu anayelalamika huonekana mvivu, na kwamba bosi akisikia umechoka atakupangia barua ya onyo kabla ya kukupangia mapumziko. Pingamizi hilo lina ukweli, nami simshauri yeyote amwage yote ya moyoni mbele ya kila mtu. Uwazi una ngazi zake. Anza na mwenzako mmoja unayemwamini. Ukifika kwa mkubwa wako, zungumzia kazi: "nimepangiwa usiku mara tano mfululizo, na jana nilikaribia kukosea dozi." Maneno hayo ni vigumu kuyaita uvivu, na yanampa msikilizaji kitu cha kurekebisha.

Ushahidi kwamba kikundi kinasaidia upo. Mwaka 2014 Colin West na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha jaribio lililowahusisha madaktari 74. Baadhi yao walikutana katika vikundi vidogo saa moja kila baada ya wiki mbili, kwa miezi tisa, na saa hiyo ililipwa na mwajiri. Walizungumza juu ya kazi yao kwa mpango, chini ya mwongozaji. Ule ukavu kwa wagonjwa ulipungua kwao kuliko kwa wasiokutana, na tofauti ilikuwa bado ipo miezi 12 baada ya utafiti. Linganisha na wiki tatu za wale makarani. Wakati huohuo, ni lazima isemwe kwamba vikundi havikuleta tofauti ya maana katika msongo wenyewe wala katika dalili za sonona. Mazungumzo yaliwarudishia madaktari moyo wa kuwatazama wagonjwa kama watu. Foleni mlangoni haikupungua kwa sababu hiyo.

Na hapo linakuja pingamizi zito zaidi: wodi yenye upungufu wa wauguzi haihitaji vikundi vya kuzungumza, inahitaji wauguzi. Nakubali. Uchambuzi wa Maria Panagioti na wenzake wa mwaka 2017, uliokusanya tafiti nyingi kuhusu madaktari, ulionyesha kwamba hatua zinazogusa taasisi, kama vile ratiba na mzigo wa kazi, hupunguza uchovu kuliko zile zinazomlenga mtu peke yake. Lakini ratiba haijirekebishi yenyewe. Muuguzi mmoja akilalamikia zamu, huo ni ugomvi wake na muuguzi kiongozi. Wauguzi kumi wakiwa wameelewana kwamba hakuna atakayefanya usiku zaidi ya mara tatu mfululizo, na wakaja na pendekezo la nani abadilishane na nani, hiyo ni hoja ya wodi nzima. Kwa hiyo kikundi kinachoishia kufarijiana kimefanya nusu ya kazi yake.

Wengine watauliza tunahangaikia nini, wakati jamii zetu zina vikoba, vyama, jumuiya za kanisani na majirani wasioacha mtu alie peke yake msibani. Ni hazina, lakini nyingi kati ya hizo zinajua zaidi kumchangisha mwenye mshahara kuliko kumuuliza hali yake. Aliyeajiriwa ndiye wa ada za wadogo zake, michango ya harusi na nauli za matanga, na akisema amechoka anajibiwa kwamba angalau yeye ana kazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kusikiliza ni jambo la kufundishwa, na Zimbabwe wamelithibitisha. Huko Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha kina mama watu wazima wa mitaani kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wamekaa nao kwenye benchi nje ya kliniki, wakiwasaidia kupanga namna ya kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lao, lililochapishwa mwaka 2016, lilihusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Wale hawakuchaguliwa kwa sababu ya uchovu wa kazi, hivyo matokeo hayo hayahamishwi moja kwa moja. Yanachoonyesha ni kwamba bibi wa mtaani akifundishwa anaweza kumsikiliza mtu kwa namna inayomponya.

Yapo pia mambo yaliyo nje ya uwezo wa kikundi. Huzuni ikikufuata hata siku za mapumziko, usingizi ukikatika kwa wiki kadhaa, au ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri kikao: nenda hospitali, ueleze kila kitu. Kwa hayo mengine, nawaomba waganga wafawidhi, wakuu wa shule na mameneja: tengeni saa moja kila baada ya wiki mbili ndani ya muda wa kazi, watu wenu wakutane waseme kinachowachosha, na kabla ya kikao kufungwa liandikwe jina la atakayefuatilia yaliyosemwa na tarehe atakayorudisha majibu.