Azpilicueta: Jina Lililowashinda Waingereza

Nyuma ya jina gumu la jezi ya Chelsea kuna kijiji, kuna mwanamke mwenye nyumba yake, na kuna swali ambalo wachumba wengi hulikwepa: watoto wetu wataitwa jina la nani?

Kama wewe au mwenzi wako ni mgonjwa wa mpira, jina hili si geni kwako. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2023, César Azpilicueta alivaa jezi ya bluu ya Chelsea. Alicheza mechi zaidi ya 500, na mwaka 2021 kule Porto, akiwa nahodha, alinyanyua Kombe la Mabingwa wa Ulaya baada ya kuichapa Manchester City 1-0. Beki wa kazi, hana makeke. Lakini Waingereza, pamoja na mapenzi yao yote, jina lake liliwashinda. Wakaona isiwe tabu, wakambatiza "Dave". Yaani mtu katoka kwao na jina la ukoo lenye zaidi ya miaka mia tano, kufika ugenini eti anaitwa Dave!

Hebu jaribu wewe. As-pi-li-kwe-ta. Umeona? Ulimi wetu wala haukwami. Ukishavuka ile "As" ya mwanzo, silabi zote zinaishia na irabu kama Kiswahili tu. Wahispania wengi huitamka ile z kama "th" ya thamani, na Wabaski wenyewe huitamka karibu na "s".

Wabaski ndio wenye jina. Nchi yao iko kwenye kona ya Ghuba ya Biscay, nusu huku nusu kule: mikoa minne iko Hispania na mitatu iko Ufaransa, na wakazi wote ni kama milioni 3. Lugha yao, ambayo wao huiita Euskara, haina ndugu duniani. Si Kihispania, si Kifaransa, na wataalamu wameshindwa kuipatia ukoo. Ndiyo maana majina yao yana sura ya peke yake.

Jina ni nyumba

Kwa Wabaski wa zamani, mtu hakuipa nyumba jina lake. Nyumba ndiyo iliyompa mtu jina. Kila nyumba ya shamba ilikuwa na jina lake, na aliyeishi humo aliitwa kwa jina hilo. Kwa Kibaski nyumba ni "etxe" (tamka eche), na ukijua neno hilo moja umeshafungua nusu ya majina yao. Etxeberria ni nyumba mpya. Goikoetxea ni nyumba ya juu. Elizondo ni kando ya kanisa. Hata Simón Bolívar, mkombozi wa Amerika ya Kusini, alibeba jina la kijiji cha Wabaski ambalo maana yake ni bonde la kinu.

Azpilicueta nalo lina mahali pake. Ni kijiji kidogo kiitwacho Azpilkueta, katika bonde la Baztan, kaskazini mwa mkoa wa Navarra. Bonde hilo lina vijiji 15, milima ya kijani, mvua nyingi, na nyumba kubwa za mawe zenye nembo za koo zilizochongwa ukutani. Ile "eta" ya mwishoni ni kiambishi cha mahali, kama sisi tunavyosema "penye".

Hapo ndipo penye siri ya uadimu wake. Nyumba mpya ilijengwa katika kila kijiji, kwa hiyo akina Etxeberria walichipuka sehemu nyingi bila kuwa na udugu wowote. Ukikutana na wawili, usiharakishe kuwaita binamu. Lakini Azpilkueta ya Baztan ni moja. Mwenye jina hilo, awe Hispania au Argentina, asili yake inarudi kwenye kona ile ile. Linganisha na García, jina linaloongoza Hispania, ambalo zaidi ya watu milioni 1.4 wanalo kama jina la kwanza la ukoo. García akipotea, hakuna atakayejua. Azpilicueta mmoja akikosa mtoto wa kumrithisha jina, pengo linaonekana.

Tahajia nayo inachangia. Jina hili huandikwa Azpilicueta, Azpilcueta, na kwa Kibaski cha leo Azpilkueta. Chini ya utawala wa Jenerali Franco, uliokwisha mwaka 1975, Kibaski kilibanwa, watoto hawakuruhusiwa kuandikishwa majina ya Kibaski, na majina ya ukoo yalibaki kwenye vitabu vya serikali kwa mwandiko wa Kihispania. Baadaye waliotaka waliruhusiwa kurudisha mwandiko wa kwao. Matokeo yake, watu wa asili moja huhesabiwa kwenye takwimu kama koo tofauti, kwa sababu ya herufi tu.

Baba Jaso, mama Azpilcueta, mtoto Xavier

Sasa njoo kwenye kisa chenyewe, maana hapa ndipo wanandoa tunapoguswa.

Mwishoni mwa miaka ya 1400, huko huko Navarra, bwana mmoja aitwaye Juan de Jaso alioa. Hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa msomi wa sheria aliyehitimu Bologna, na mshauri wa mfalme wa Navarra. Mkewe alikuwa María de Azpilcueta. María naye hakuja mikono mitupu: alikuwa mrithi wa ngome ya Xavier. Basi bwana msomi akafunga mizigo, akahamia kwa mkewe.

Usicheke. Kwa watu wa kule halikuwa jambo la aibu. Nyumba haikugawanywa vipande. Ilikwenda kwa mtoto mmoja, na mtoto huyo aliweza kuwa wa kike. Katika sehemu za Wabaski zilizoko Ufaransa leo, desturi ilikuwa kwamba mzaliwa wa kwanza ndiye mrithi, awe mvulana au msichana. Navarra wazazi walichagua wenyewe. Mwanamume aliyeoa mrithi wa kike aliingia kwenye nyumba ya mkewe, na majirani wakamfahamu kwa jina la nyumba hiyo. Na mwanamke mwenye nyumba, "etxeko andre", hakuwa golikipa wa kukaa kungoja mume arudi. Ndiye aliyekuwa na sehemu ya nyumba yake kanisani, na ndiye aliyewasha mishumaa kwa ajili ya marehemu wa nyumba hiyo. Heshima ya waliotangulia ilikuwa mikononi mwake.

Sasa watoto wa Juan na María waliitwaje? Miguel, mrithi, alishika jina la ngome. Juan, ambaye alikuwa mwanajeshi, alijiita Azpilcueta, jina la upande wa mama. Kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka 1506, naye alichukua jina la ngome. Dunia inamfahamu kama Mtakatifu Fransisko Xavier. Ndugu wa tumbo moja, majina mawili, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyejulikana zaidi kwa jina la baba yake! Mbona hawakugombana? Kwa sababu kila jina lilikuwa nyumba, na zote zilikuwa nyumba zao.

Halafu angalia hili. Navarra ilitekwa mwaka 1512, baba akafariki mwaka 1515, na mwaka uliofuata minara na kuta za ngome yao zikabomolewa kwa amri ya watawala wapya. Fransisko alikuwa mtoto wa miaka 10. Nyumba ilivunjwa akiona. Jina akaondoka nalo.

Alifika nalo mpaka kwetu. Mwaka 1542, akiwa njiani kuelekea Goa, meli yake ilitia nanga Malindi. Leo Afrika Mashariki kuna akina Xavery na Xaveria wengi, na kote wanakozungumza Kihispania kuna akina Javier. Wachache wao wanajua kuwa Xavier nalo linatokana na lile lile neno la Kibaski, etxe berri, nyumba mpya. Kwa hiyo kama shemeji yako anaitwa Xavery, mwambie: jina lako lilianza kama nyumba, na liliingia katika ukoo ule kwa upande wa mama.

Jina la Azpilcueta nalo lilitembea. Martín de Azpilcueta, msomi wa ukoo huo huo, aliandika mwaka 1556 kwamba fedha huwa na thamani kubwa pale inapokuwa adimu, na hupungua thamani pale inapojaa. Alikuwa ameona bei zilivyopanda Hispania baada ya dhahabu na fedha ya Amerika kumiminika. Hivyo ukisikia mchumi anaeleza mfumuko wa bei kwenye taarifa ya habari, mkumbuke Azpilcueta. Mwingine wa ukoo, padri João de Azpilcueta Navarro, alifika Brazil mwaka 1549 na kujifunza lugha ya wenyeji.

Jina linavyokufa

Jina adimu halihitaji vita ili lipotee. Linahitaji mabinti tu, pamoja na desturi ya kurithisha jina la baba peke yake.

Piga hesabu. Chukua wanandoa wenye watoto wawili. Uwezekano wa wote wawili kuwa wa kike ni mmoja kati ya nne. Kwa jina lenye watu milioni, hilo si tatizo. Kwa jina lenye familia nne tu, kwa wastani moja inaondoka kwenye orodha katika kizazi kimoja. Kizazi kijacho, vivyo hivyo. Damu ipo, wajukuu wamejaa sebuleni, lakini jina limezimika.

Utasema, mbona Wahispania hutumia majina mawili? Ni kweli. Mke akiolewa habadili jina lake hata herufi moja, na mtoto hubeba jina la kwanza la baba na la kwanza la mama. Yule beki wetu kwa ukamilifu ni César Azpilicueta Tanco, na Tanco ni la mama. Lakini tazama mbele kidogo. Binti wa Azpilicueta akiolewa na García, mtoto wao ataitwa García Azpilicueta. Mtoto huyo naye akipata watoto, atawapa García. Azpilicueta litakuwa limekaa mlangoni kizazi kimoja, kisha likaondoka bila kuaga.

Ndipo sheria ikabadilika, kwa awamu mbili. Kwanza, sheria ya mwaka 1999 iliruhusu wazazi wakikubaliana kuweka jina la mama mbele. Kama hawakusema kitu, la baba ndilo lililotangulia. Kisha, tangu tarehe 30 Juni 2017, upendeleo huo wa baba ukaondolewa. Sasa wazazi wenyewe lazima waseme lipi litangulie. Wakishindwa kuelewana, ofisa wa usajili anaamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Na mpangilio wa mtoto wa kwanza ndio utakaofuatwa kwa wadogo zake wote, kwa hiyo hakuna ile ya "huyu wangu, anayefuata wako".

Kwa maneno mengine, uhai wa jina kama Azpilicueta sasa uko mezani kwa watu wawili waliokaa na mtoto mchanga na fomu. Mwanamke mwenye jina adimu ana nafasi ambayo bibi yake hakuwa nayo. Ila María de Azpilcueta aliiona miaka mia tano iliyopita!

Kabla kadi hazijachapwa

Mpenzi msomaji, hatukwambii uende kwa wakwe kesho ukadai mtoto aitwe jina la kwenu. Lakini Wabaski wametuachia maswali matatu mazuri ya kukaa nayo wewe na mwenzio, chai ikiwa mezani.

Jina lako limetoka wapi? Si jibu la "ni la babu". Limetokana na nini: mahali, kazi, tukio, mtu? Mwulize mzee kabla hajaondoka.

Mko wangapi mliobaki nalo? Hesabu shangazi, hesabu mabinti. Wao pia ni wa jina hilo.

Na la tatu, gumu kuliko yote: tunarithisha jina kwa sababu tunalithamini, au kwa sababu hatujawahi kuulizana?

Ngome ya Xavier ilijengwa upya baadaye. Kila mwezi Machi maelfu ya watu wa Navarra hutembea kwa miguu kwenda huko. Wanakwenda kwenye nyumba ya María, kwa sababu mtoto wake wa mwisho alibeba jina la nyumba ya mama, na baba mtu hakuona amepungukiwa kitu.