Kichwa Kikiuma Kitale, na Kikiuma Mlima Elgon

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuishi usawa wa bahari. Tukipanda bara, kila maumivu twasingizia baridi au mwinuko. Safari yangu ya kwanza kutoka Mombasa hadi Kitale nilifika kichwa chanigonga, nikasema ni mwinuko tu. Mwenyeji wangu akacheka: "Ndugu yangu, hapa ni mjini. Mlima ni ule pale."

Alisema kweli. Bungoma iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Kitale kama 1,900. Maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza ukipita mita 2,500. Kwa hivyo ukiumwa na kichwa Bungoma na mwili una homa, fikiria malaria kwanza. Nenda ukapimwe.

Mlima Elgon ni habari nyingine. Kilele cha Koitobos, upande wa Kenya, kina mita 4,222. Huko kila pumzi yakupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata Mombasa. Tena kuna njia ya gari inayopita mita 3,000, hivyo unafikishwa juu kabla mwili haujazoea.

Jiulize hivi: Kichwa kinauma? Nina kichefuchefu, au chakula hakipiti? Nimechoka kupita kiasi? Nina kizunguzungu? Kichwa kikiuma pamoja na mojawapo ya hayo mengine, saa kadhaa baada ya kupanda, chukulia kuwa ni mwinuko. Usipande zaidi. Pumzika, na usipopata nafuu, shuka.

Ziko dalili ambazo hazingoji kupambazuke. Mwambie mwenzako atembee kwa mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, au akianza kuropoka, huenda ubongo umevimba. Akihema ilhali ameketi, au akikohoa povu, huenda mapafu yanajaa maji. Mshusheni papo hapo, hata kama ni usiku, wala asishuke peke yake. Kisha apelekwe hospitali.

Najua vijana wetu watasema, "Nitajikaza." Lakini maradhi haya hayachagui, hata mwanaspoti humwangusha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukihisi vibaya mlimani, mwambie mwenzako mapema, mkiwa bado mnaweza kushuka kwa miguu yenu.